Saa Tatu Usiku, San Pa Tong

Bibi wa nyumba ya pili aliinua vidole vitatu akasema, "Sam thum." Mume wangu akafungua daftari lake la lugha na kuanza kutafuta. Mimi nilikuwa nimeshamwelewa. Mwanawe mwenye pikapu angerudi saa tatu usiku, na hapo ndipo tungekwenda naye kuchukua mtungi wetu wa gesi.

Saa tatu usiku kama ya Moshi, si ile saa tisa ya kwenye simu. Jua likishazama, Wathai huanza kuhesabu moja: nueng thum ni saa moja usiku, song thum ni saa mbili, sam thum ni saa tatu, hadi ha thum, saa tano. Hata asubuhi wazee wa vijijini bado husema song mong chao, saa mbili, wakati vijana na matangazo ya stesheni wamehamia hesabu nyingine. Hesabu zetu na zao zinaachana baada ya adhuhuri na baada ya usiku wa manane. Wao huanza upya, na ti nueng yao kwetu ni saa saba. Kitabu cha lugha tulichokuwa nacho kiliandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, na kilitumia kurasa mbili nzima kuwaonya wasomaji kuwa jambo hili ni gumu. Kwa Mswahili halina ugumu wowote. Usiku ule nilienda kulala na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Tulikuwa kwenye wiki ya tatu katika kijiji kimoja cha wilaya ya San Pa Tong, kusini mwa jiji la Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Mume wangu ni mchungaji, mzaliwa wa Tukuyu. Mimi nilizaliwa Kidia, Old Moshi, na nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka tisa kabla ya kanisa letu kutuita na kutuuliza kama tuko tayari kwenda. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Tulikabidhiwa baraka, tiketi, na fomu ya ripoti ya kila robo mwaka. Kuhusu fomu hiyo nitasema mbele.

Thailand ni nchi ya Wabudha. Katika kila watu mia, zaidi ya tisini wanafuata dini hiyo, na Wakristo wa madhehebu yote ni kama mmoja tu. Wengi wa hao Wakristo hata si Wathai wa mabondeni bali ni watu wa milimani: Wakaren, Walahu, Waakha. Kijijini kwetu hapakuwa na Mkristo hata mmoja. Mzee wa kijiji alitueleza jambo hili kwa upole mkubwa, kama mtu anayemweleza mgeni kuwa kisima kimekauka: kuwa Mthai ni kuwa Mbudha, na dini yenu ni nzuri, ni ya wageni.

Hata ugeni wetu ulikuwa na shida yake. Mzungu huku huitwa farang, na watu wamemzoea, maana Chiang Mai imejaa watalii. Sisi hatukuwa farang, na hapakuwa na neno lililo tayari kwa ajili yetu. Sokoni wanawake walishika mikono ya binti yangu na kuisugua kwa kidole, taratibu, kuona kama rangi inatoka. Matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi yamejaa barabarani, na muuza duka mmoja aliniambia kwa huruma ya kweli kuwa nina sura nzuri, ila ni bahati mbaya tu. Niliumia. Nililia jikoni nikiwa nimefungua bomba ili mume wangu asisikie.

Aliyetupatia majina ni bibi yule wa vidole vitatu. Watu wa kaskazini humwita bibi kizee Ui, na sisi tulimwita hivyo mpaka mwisho. Mume wangu akawa Ajaan, mwalimu, kama wachungaji wote wanavyoitwa huku. Binti yetu alikuwa hali kitu ila ndizi, basi Ui akamwita Kluai, ndizi, kwa kuwa kila mtoto wa Kithai ana jina la nyumbani la namna hiyo, na wapo wanaoitwa Yai au Kamba. Kuanzia siku hiyo mimi nikawa Mae Kluai. Mama Ndizi! Nimetoka nchi ambayo mwanamke akizaa tu jina lake hubaki kwenye vyeti, na mtaani anaitwa Mama Fulani. Nilipoitwa Mae Kluai nyuma ya meza ya samaki, niligeuka bila kufikiri.

Lugha yenyewe ilitugawa. Kithai kina toni tano, na silabi moja ikibadilishwa sauti inabadilika maana. Ma ya sauti ya katikati ni kuja, ya kupanda juu ni farasi, ya kushuka kisha kupanda ni mbwa. Kichaga cha nyumbani kwangu kina kupanda na kushuka kwa sauti, na ingawa toni zake si hizi, sikio langu lilikuwa limeshafundishwa tangu mgongoni mwa mama kwamba sauti ni sehemu ya neno. Kinyakyusa cha mume wangu hakina mambo hayo, wala Kiswahili hakina. Yeye, aliyesoma Kigiriki cha Agano Jipya akakimudu, alikaa miezi akisema neno moja na kusikiwa jingine.

Neno lililomtesa zaidi ni klai. Ukilitamka kwa sauti iliyolala, ni mbali. Ukiliangusha kutoka juu, ni karibu. Mbali na karibu, neno lilelile! Siku moja aliuliza njia ya kwenda zahanati, akaambiwa klai, akaona ni karibu, akatembea kwa miguu na binti yetu mabegani karibu saa nzima kwenye jua la mwezi wa tatu, wakati ambapo mashamba na misitu inachomwa na moshi unaficha hata milima. Alirudi amenyamaza. Jioni alikaa barazani akirudia neno hilo moja, juu kwenda chini, mpaka mijusi wa ukutani wakaanza kumwitikia.

Lakini tulipoanza kuelewa, tuliona kuwa Kithai kimejaa moyo, na neno la moyo ni jai. Kuelewa ni khao jai, kuingia moyoni. Kufurahi ni di jai, moyo mwema, na kuhuzunika ni sia jai, moyo ulioharibika. Mkarimu ana nam jai, maji ya moyo. Asiye na papara wala hasira ana jai yen, moyo uliopoa, na hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Mtu anayepandisha sauti sokoni, hata kama ana haki, ameshashindwa.

Lipo pia neno kreng jai, ambalo lilinichukua mwaka mzima. Ni ile hali ya kumwonea mwenzio haya usije ukamlemea. Huombi hata ukihitaji, hukatai ukiombwa, husemi neno litakalomtia mtu aibu. Nadhani mtu wa pwani angelielewa haraka kuliko sisi wa milimani. Mume wangu aliwaalika majirani kuja kusikiliza Neno barazani kwetu Jumapili, na wote, mmoja mmoja, walisema watakuja. Niliazima mikeka. Nilipika maandazi mia moja na ishirini. Hawakuja hata wawili. Tulikaa sisi watatu na maandazi yale, na mume wangu akasema maneno makali kuhusu watu wanaosema uongo huku wanatabasamu. Alikosea, na baadaye alilikiri kosa hilo mwenyewe. Hawakudanganya. Walikuwa wametuonea haya kutukatalia usoni.

Chakula hakikutusumbua. Wilaya ya San Pa Tong inasifika kwa mchele wa kunata, na ipo hata mbegu yenye jina lake. Ui alinionyesha: mchele unalowekwa usiku kucha, unapikwa kwa mvuke alfajiri ndani ya kikapu cha mianzi kilichokaa juu ya chungu, kisha unamwagwa kwenye sinia la mbao na kugeuzwa haraka kwa mwiko ili joto la ziada litoke, ndipo unatiwa kwenye kratip, kikapu kidogo chenye mfuniko. Mezani hakuna kijiko. Unamega tonge kwa vidole, unalifinyanga kiganjani, unachovya kwenye pilipili mbichi zilizochomwa na kutwangwa pamoja na vitunguu. Mara ya kwanza mume wangu alilitazama tonge lake, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Mama, huu ni ugali." Ui aliuliza amesema nini. Nikamwambia amesema yuko nyumbani.

Nilianza kusoma habari za waliotutangulia kwa sababu ya ile fomu. Ina safu ya waliohubiriwa, safu ya waliookoka, safu ya waliobatizwa. Kila miezi mitatu nilijaza sifuri, na kila mara barua ilirudi ikiuliza, kwa maneno ya upendo, kuna kizuizi gani.

Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walifika Bangkok mwaka 1828. Bodi moja ya Wamarekani ilifanya kazi miaka 18, kuanzia 1831 hadi 1849, ikaondoka bila kubatiza Mthai hata mmoja. Wapresbiteri walianza mwaka 1840, na Mthai wao wa kwanza alibatizwa mwaka 1859. Hesabu ni miaka 19. Ningependa barua zile ziseme jambo hili.

Mwaka 1867 Daniel McGilvary na mkewe Sophia, binti wa yule daktari Dan Beach Bradley aliyefika Bangkok mwaka 1835, walipanda mtumbwi na watoto wawili wadogo wakapandisha mto miezi mitatu mpaka Chiang Mai. Hawakuwa na nyumba. Waliishi zaidi ya mwaka katika kile Wathai wanachokiita sala, banda la wazi la kupumzikia wasafiri nje ya lango la mji, na watu walikuja kuanzia asubuhi hadi usiku kuwatazama wanavyokula, wanavyovaa, wanavyolaza watoto. Nilipofika hapo kwenye kisa chao nilifunga kitabu. Nilimwona Sophia waziwazi. Nilijua alikuwa akifungua maji yake ya kulilia wapi, au labda hakuwa na pa kulilia.

Mmoja wa waliokuja bandani alikuwa msomi wa Kibudha aitwaye Nan Inta. Alitaka dawa ya kikohozi, akabaki kwa mazungumzo. Kwa wazee wa huko, jua likipatwa ni jitu Rahu linalimeza. McGilvary alimwambia Nan Inta siku ambayo jua litapatwa, akamweleza na sababu. Tarehe 18 Agosti 1868 jua likapatwa kama alivyosema, na msomi yule akaanza kuyapima upya yote aliyofundishwa. Alibatizwa mwanzoni mwa 1869. Kupatwa kuleku­le ndiko Mfalme Mongkut, mtaalamu wa nyota, alikosafiri kwenda kukutazama kusini, akapata malaria huko, akafa mwezi wa kumi. Na mwezi wa tisa wa 1869 Wakristo wawili wa Chiang Mai, Noi Sunya na Nan Chai, waliuawa kwa amri ya mtawala wa mji. Kanisa lile changa likatawanyika. Uhuru wa dini kwa watu wa kaskazini ulitangazwa mwaka 1878, baada ya ugomvi uliotokana na harusi: maharusi walikuwa Wakristo, na mkubwa wa ukoo alidai ada ya mizimu ilipwe kwanza.

Nilipomaliza kusoma nilimkumbuka Bruno Gutmann. Kwetu Old Moshi kila mzee ana neno juu yake. Mjerumani wa misheni ya Leipzig aliyefika nchini mwaka 1902, akajifunza Kichaga mpaka akaandika vitabu vikubwa juu ya mila na sheria za Wachaga, akashikilia kwamba kanisa lisijengwe kwa kuvunja ukoo, ujirani na rika, bali lijengwe juu yake. Wapo waliomlaumu, na lawama nyingine zina haki. Lakini mimi nimetoka upande wa waliopokea wamisionari. Najua bibi zetu waliwakumbuka wepi: walioketi. Aliyeketi, akala, akauliza, akakosea, akaomba radhi, huyo jina lake linatajwa mpaka leo.

Na mimi nilikosea. Ilikuwa mwezi wa pili. Ui alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya vitunguu saumu, na jani la mwembe lilikuwa limenasa kwenye nywele zake nyeupe. Nikainama nikalitoa, nikazilaza nywele vizuri kwa kiganja, kama ningemfanyia bibi yangu. Alitabasamu. Akaendelea kumenya. Kwa wiki mbili na zaidi hakufika tena kwetu. Nilidhani anaumwa. Mwishowe binti yake alinivuta kando, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo kabisa kuwa kichwa cha mtu mzima hakiguswi. Kichwa ndicho mahali pa juu pa mtu, ndipo roho ya uhai inapokaa. Mguu ni wa chini, kichwa ni cha juu, na mkono wa mdogo haupandi kichwani kwa mkubwa. Nilikuwa nimejifunza habari za miguu. Nilikuwa makini nisielekeze unyayo kwa mtu wala kwa sanamu. Kuhusu kichwa nilidhani wema unatosha.

Katikati ya mwezi wa nne huja Songkran, mwaka mpya wao wa jadi, tarehe 13 hadi 15. Mijini ni vita vya maji barabarani, na watalii hawajui zaidi ya hapo. Vijijini kaskazini kuna jambo jingine, dam hua, maana yake kuosha kichwa. Wadogo huwaendea wakubwa na bakuli la maji yaliyotiwa maganda ya mmea uitwao som poi, hupiga magoti, huomba radhi kwa kila kosa la mwaka uliopita, walilolijua na wasilolijua. Mkubwa huchovya vidole, hujipaka maji nyweleni mwake mwenyewe, kisha hubariki.

Nilikuwa nimeona kwenye uwanja wa Ui chungu chenye mmea ambao ningeutambua hata usingizini. Sale! Ule mmea wa mipaka ya vihamba vyetu, ambao Mchaga aliyemkosea mwenzake hulichukua jani lake na kulipeleka, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusikiliza. Wathai huupanda kama mmea wa bahati na huuita wasana. Niliomba ruhusa kwa binti yake, nikakata jani moja, nikaliweka juu ya bakuli. Nilipiga magoti mbele ya Ui. Kithai kilinikimbia chote. Nilisema tu, kwetu mlimani mtu akikosa huleta jani hili, nami nimekosa. Ui alilitazama jani muda mrefu. Aliligeuza upande huu na ule. Kisha akachovya vidole vitatu majini, akazilowesha nywele zake mahali palepale nilipozishika, akaniwekea mikono yote miwili juu ya kichwa changu mimi.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Aliniuliza usiku kama Ui alitaja miungu katika baraka yake. Nilimwambia ukweli, kwamba sikuelewa maneno yote.

Swali lake halikuwa la ukali bure. Lilirudi na uzito mkubwa msimu wa mvua, binti yetu alipopata dengue. Siku nne hospitalini, chembe sahani za damu zikishuka kila asubuhi, mimi nikiwa nimeshika mguu wake mdogo na kuomba kwa Kichaga kwa sababu lugha nyingine zote ziliisha. Alipona. Tulipomrudisha nyumbani, Ui alikuwa ameketi kwenye ngazi yetu na yai la kuchemsha, tonge la wali na uzi mweupe wa pamba. Wazee huku wanasema mwili una khwan 32, roho za uhai, na mtu akiugua au kushtuka hutawanyika. Lazima ziitwe zirudi, na mkono ufungwe uzi ili zisitoke tena.

Mume wangu amehubiri dhidi ya hirizi tangu akiwa mwinjilisti. Ameshuhudia zikichomwa mbele ya madhabahu. Sasa amesimama juu ya ngazi, na chini yake yupo bibi kizee aliyekesha siku nne asijue kama mtoto atarudi. Nilimwona anameza mate. Akashuka, akachuchumaa mpaka kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha Ui, akasema, "Ui, naomba niombe kwanza." Akaomba kwa Kithai chake cha kuvunjikavunjika, toni zimepinda, akimshukuru Mungu aliyemrudisha mtoto. Ui alisubiri ameunganisha viganja kifuani. Kisha akaupitisha uzi juu ya kiganja cha mtoto, mara moja kwa nje, mara moja kwa ndani, akauzungusha kwenye kifundo, akafunga, huku ananong'ona maneno ya kuita.

Usiku mume wangu alichukua mkasi. Alikaa kitandani kwa mtoto muda mrefu na mkasi mkononi. Kisha akaurudisha kwenye droo. Uzi ulichakaa wenyewe, ukakatika baada ya wiki kadhaa wakati wa kuoga. Mpaka leo hatujaafikiana. Yeye anasema tulikosea, kwamba tulimwachia jirani aamini kuwa uzi ndio uliomshika mtoto. Mimi nasema hatukukosea, kwa kuwa Ui alileta alichokuwa nacho kikubwa kuliko vyote, na asiyepokea cha mtu hana uso wa kumpa chake. Tunaishi na swali hilo nyumbani, na tunaliombea.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo Ui alipoanza kuja barazani Jumapili. Aliketi, alisikiliza, alikula maandazi. Siku moja mume wangu alifundisha habari za Nikodemo, za kuzaliwa mara ya pili. Ui akasikiliza hadi mwisho, akauliza kwa adabu: "Ajaan, kuzaliwa tena? Mimi nimechoka kuzaliwa. Najitahidi nisizaliwe tena." Mume wangu alinyamaza. Neno tulilolipokea utotoni kama habari njema kuliko zote, kwa bibi huyu lilikuwa ndiyo adhabu anayoikimbia, kuzaliwa na kuzaliwa na kuzaliwa katika dunia ya mateso. Na uzima wa milele, kwa sikio lake, ni mateso yasiyo na mwisho. Mjapani Kosuke Koyama alifundisha theolojia Chiang Mai miaka ya 1960, na alieleza jinsi alivyopita kwenye mashamba ya mpunga akiwatazama wakulima na nyati wao, akaona kuwa hana budi kuanza na vitu hivyo. Nilikuwa nimelisoma hilo. Sikulielewa mpaka siku ya Ui. Kuanzia hapo mume wangu aliacha mahubiri aliyokuja nayo kwenye sanduku. Huanza na maji, na mchele, na mtu aliyechoka.

Ui alifariki mwezi wa kwanza, wakati wa baridi, usingizini. Turubai lilisimama uwanjani kabla jua halijapanda. Watawa walikuja jioni kusoma, uzi mweupe ukinyooshwa kutoka kwenye jeneza hadi mikononi mwao. Hatukujua la kufanya, tukampigia simu mchungaji mzee wa Kithai wa mjini. Alisema maneno machache: nendeni, kaeni, fanyeni kazi, wakisujudu ninyi tulieni na kuinamisha vichwa.

Basi nikaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake, na huko nilikuta msiba ninaoujua. Masufuria makubwa juu ya mafiga, kuni, vicheko vya chini kwa chini, mtu wa kuandika majina na bahasha za rambirambi, wanaume wakicheza karata ili wasilale. Niliketi kwenye kibao mbele ya beseni nikaosha sahani siku tatu. Mikono ilichubuka kwa sabuni, ambayo kwa Kithai ni sabu. Siku ya mwisho jeneza liliwekwa juu ya jukwaa lililopambwa kwa karatasi za rangi, kamba ndefu ikafungwa, na kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, tukalivuta kwa miguu mpaka mahali pa kuchomea. Kila mmoja aliweka ua dogo la vipande vya mti. Nami niliweka langu, na jani la sale.

Usiku wa pili, nikiwa kwenye beseni, mgeni wa kijiji kingine alimwuliza binti wa Ui yule mweusi anatoka wapi. Sikuinua uso. Nilitega sikio kwa neno moja tu. Binti wa Ui akajibu, "Klai." Aliliangusha kutoka juu.

Ui hakubatizwa. Fomu yetu ya robo mwaka ile ilikuwa na sifuri, kama zilizotangulia, na hii ninayoijaza wiki hii ni hivyo hivyo. Sina aibu nayo. Ninachoomba, kwa kanisa letu na kwa mengine ya Afrika Mashariki ambayo sasa yanatuma watu Asia, ni hiki: msiwatume kabla hamjaweka akiba ya miaka miwili ya kusoma lugha. Katika miaka hiyo miwili msiwapelekee fomu. Waandikieni barua, na swali la kwanza liwe majina ya majirani zao.